Maji ya karafuu kuoshea matunda ya kukata: kinachofanya kazi ni karafuu au ni moto wa jiko?

#1 BintiMatunda
Habari zenu wadau. Nauza matunda ya kukata hapa Posta: tikiti, papai, nanasi, na embe msimu ukifika. Wateja wangu wengi ni watu wa maofisini. Kazi nimefundishwa na shangazi, naye ana utaratibu wake. Anachemsha karafuu, anaacha maji yapoe, kisha vipande vilivyomenywa anavichovya humo kabla ya kuvipanga kwenye vikontena. Anasema karafuu inaua vijidudu. Na nimeona kwa macho yangu, papai la maji ya karafuu halitoi ule utelezi mapema kama lililopitishwa kwenye maji ya bomba. Sasa jirani yangu wa meza ananicheka, anasema kinachosaidia ni maji kuchemka basi, karafuu natupa hela. Na bei ya karafuu mnaijua. Nani mkweli kati yao? Wajuzi wa vyakula karibuni, wenye matusi piteni pembeni.

#2 Kapuku wa Buza
Siti ya mbele kabisa. Kahawa ninayo, kashata ninazo.

#3 MpembaAsilia
Shangazi yako yuko sawa, wala usibabaishwe na jirani. Mie nimezaliwa kwenye karafuu. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ukipita upepo ukiwa upande wako unanukia mpaka nguo. Ndani ya karafuu mna kitu kinaitwa eujenoli, ndicho wanachotumia madaktari wa meno kwenye dawa ya kuzibia jino kwa muda. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa sana ni hiyo eujenoli. Bakteria haiwezi, ukungu hauwezi. Wazee hawakuwa wajinga.

#4 Mzee wa Pipeti
Namba 3 kasema kweli kuhusu mafuta. Tatizo ni kwamba Binti hachovyi papai kwenye mafuta, anachovya kwenye maji. Eujenoli haipendi maji, inayeyuka humo kidogo mno. Halafu ukichemsha sufuria wazi, nyingi inaondoka na mvuke. Ile harufu inayojaa jikoni mpaka majirani wanauliza unapika pilau, ndiyo dawa yenyewe inakwenda zake.

Jinsi inavyofanya kazi: inajipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria, utando unalegea, vilivyomo vinavuja. Timoli ya zaatari na sinamaldehaidi ya mdalasini nazo hushambulia utando kwa namna inayokaribiana. Kwenye maabara, kwenye mchuzi safi wa kuoteshea bakteria, kiasi kidogo kinatosha. Ukija kwenye chakula halisi, mafuta na protini za chakula zinaishika dawa, kwa hiyo unahitaji kiasi kikubwa zaidi. Ukifika kwenye kiasi hicho, papai litanukia kama chumba cha daktari wa meno na mteja hatarudi.

Jambo jingine: Salmonela na E. koli ziko kwenye kundi la bakteria wenye utando wa pili wa nje. Kwa mafuta ya namna hii ni wagumu kuliko wenzao.

#5 MezaYaPili
Naomba kuuliza, huyo jirani wa meza si mimi kweli?

#6 BintiMatunda
@MezaYaPili ukijijua, umejijua 😂

#7 Mama Salma Tanga
Mnajisumbua na karafuu wakati ndimu zipo. Mimi kachumbari yangu ndimu inatangulia, kitunguu kinafuata. Saladi na nyanya navyo naviloweka kwenye maji ya chumvi kwanza. Nyumbani kwangu kuharisha ni hadithi tu tunayoisikia kwa watu.

#8 Daktari Mstaafu
Mama Salma, ndimu nakuunga mkono. Guinea-Bissau miaka ya 1990 kipindupindu kiliwapiga sana. Watafiti wakaulizia watu walikula nini, wakakuta waliokuwa wakitia ndimu kwenye mchuzi wa kulia wali waliugua kidogo kuliko wasiotia. Wakaenda maabara, juisi ya ndimu ikazuia kijidudu kukua kwenye wali. Sababu ni asidi, kijidudu cha kipindupindu hakiiwezi kabisa.

Chumvi ndiyo nakataa. Makazi ya asili ya kijidudu hicho ni maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari. Wewe unakiandalia maji ya kwao. Chumvi inatoa viwavi na vidukari kwenye kabichi, kazi hiyo inaijua. Bakteria ni habari nyingine.

#9 Mama Salma Tanga
Daktari, mama yangu kaloweka kwenye chumvi maisha yake yote na kafika umri wa kukuzaa wewe. Ila ahsante.

#10 Kapuku wa Buza
Uzi umeanza kupata chumvi.

#11 Kasri la Mombasa
Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Ndimu si dawa ya kila kitu jamani. Mwaka 1996 kule Marekani watu waliugua kwa juisi ya tufaha isiyochemshwa, na mtoto mmoja akafariki. Juisi ya tufaha ni chachu, ina asidi yake, na ile E. koli O157 ilivumilia humohumo. Alichosema daktari kuhusu kipindupindu sikipingi. Lakini mtu asitoke hapa akidhani akikamua ndimu juu ya nyanya ya mtaroni amemaliza.

Huku kwetu mama mboga wengi hutia matone ya Jik kwenye ndoo.

#12 Mla Majani
Kichwa cha uzi kinasema karafuu, vitu vya asili. Jik imeingiaje? Kemikali zinatumaliza.

#13 Kasri la Mombasa
Kipindupindu nacho ni cha asili, ndugu yangu.

#14 Mzee wa Pipeti
😂 Namba 13 kamaliza.

Lakini klorini nayo ina masharti yake, tusiipambe. Ikikutana na tope na mabaki ya majani inaishia humo kabla ya kumfikia bakteria. Ndoo moja kuoshea mafungu ya mchicha toka asubuhi mpaka jioni, saa nne tu ilishabaki harufu. Osha udongo kwanza kwenye maji mengine. Ile ya nguo isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwenye lita mbili za maji kinakupa kama miligramu 85 hivi kwa lita. Loweka dakika tano, suuza kwa maji ya kunywa. Mayai ya minyoo hayaijali klorini kabisa, hayo yanatoka kwa kusugua na kusuuza.

#15 Shamba Boy Bonde la Msimbazi
Nitasema ukweli mnichukie. Mimi nalima bondeni. Maji tunayomwagilia mnayajua, mto unapita katikati ya jiji na kila mtu anaelekeza bomba lake humo. Mchicha na matembele mnapika, hayo hayana shida sana. Ila kuna mtu analeta mbegu za saladi na kotimiri, vitu mnavyokula vibichi, na anamwagilia maji yaleyale. Karafuu gani itasafisha hiyo? Tatizo linaanza huku kwetu, nyie mnalitafutia dawa jikoni.

#16 Daktari Mstaafu
Namba 15, mchango wako unafaa kuwekwa juu kabisa ya uzi. Bakteria hawakai juu ya jani tu wakingoja kuoshwa. Wanaingia kwenye vile vitundu ambavyo jani linapumulia, wanaingia kwenye mikato, na wengine wanajijengea utando wa utelezi wa kujifichia. Siki, karafuu, klorini, vyote vinagusa nje. Mnaponunua saladi, ulizeni imetoka wapi kabla ya kuuliza bei.

#17 Mla Majani
Mimi natumia maji ya mwarobaini kuoshea kila kitu. Unatibu maradhi arobaini, vijidudu vitapona wapi?

#18 Bwana Shamba Moro
Mkuu namba 17, mwarobaini unasifika shambani kwa sababu ya azadirakitini, na kazi yake kubwa ni kwa wadudu: inawakosesha hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao. Kupulizia bamia sawa. Kuoshea tunda la kukata, kwanza litakuwa chungu, pili si kwa ajili hiyo.

Niongeze moja maana nimeona mnachanganya. Magadi soda vilevile. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliosha matufaha kwa maji yenye magadi soda, wakaona kwamba dakika 12 hadi 15 zinaondoa mabaki ya viuatilifu kwenye ganda. Viuatilifu, yaani sumu za shambani. Mitandaoni ikageuka kuwa magadi yanaua bakteria. Hawakusema hivyo.

#19 MpembaAsilia
Mzee wa Pipeti, nimerudi. Unasema maji hayabebi eujenoli. Basi iweje maji ya karafuu yanapooza jino la mie na watoto wangu? Kuna kinachotoka humo.

#20 Mzee wa Pipeti
Kinatoka kidogo, sikukataa. Fizi inahisi kwa kidogo. Kumuua Salmonela ni mtihani mwingine. Ukitaka kuivusha kwa nguvu zaidi, chemsha sufuria ikiwa na kifuniko na usifunue mpaka ipoe, ule mvuke uliogeuka matone chini ya kifuniko urudi ndani. Viwandani wanavunja mafuta kuwa matone madogo sana kwa kitu cha kuyashikanisha na maji, ndipo yanaenea. Nyumbani huna kifaa hicho.

#21 MezaYaPili
Sasa nisemwe na mimi niseme. Namba 4 kanipa ushindi lakini hakumaliza. Maji ya bomba hapa mjini mara nyingine ni ya kisima cha mtu, yanaletwa na boza, yanakaa kwenye tenki ambalo hakuna anayejua limeoshwa lini. Shangazi anachemsha. Kwa hiyo analinganisha maji yaliyochemshwa na maji ya tenki, karafuu imekaa katikati inajipatia sifa za bure.

#22 Nesi wa Zamu ya Usiku
Na kuna la tatu hamjalisema. Ukikata papai, seli zinapasuka na juisi yenye sukari inabaki juu ya kipande. Hiyo ndiyo karamu ya vijidudu. Ukichovya kwenye maji safi yoyote unaondoa ile juisi, utelezi unachelewa. Pia papai lina vimeng'enya vyake lenyewe vinavyolilainisha, hata bila kijidudu hata kimoja. Na swali kwa Binti: ukishachovya, vikontena vinakaa wapi? Maana kama vya karafuu vinaingia kwenye deli la barafu na vile vingine vinakaa juani, tumeshapata jibu.

#23 BintiMatunda
Vyote vinaingia deli moja dada. Ila kweli, maji ya karafuu huwa nayaandaa usiku na kuyaweka kwenye friji, kwa hiyo yanakuwa ya baridi. Ya bomba yanakuwa ya vuguvugu.

#24 Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi ongeza ubaridi kwenye orodha ya watuhumiwa.

#25 Bwana Shamba Moro
Kuhusu ubaridi, tahadhari kwa wauza nyanya na maembe mazima. Tunda lililotoka juani likiwa la moto usilitumbukize kwenye maji ya baridi sana. Hewa iliyo ndani inasinyaa, na tunda linanyonya maji kupitia kovu la kikonyo. Yakiwa na bakteria, umewapeleka ndani mwenyewe ambako siki haifiki wala klorini. Maji ya kuoshea nyanya yanatakiwa yazidi joto la nyanya kidogo.

#26 Kapuku wa Buza
Kwa hiyo kuosha nako ni hatari. Mimi nakula ndizi tu kuanzia leo.

#27 Mswahili wa Hamburg
Nimeusoma wote nikakumbuka 2011 huku kwetu. Ikazuka E. koli ya aina ya O104:H4, waliougua walikaribia elfu nne na waliokufa walizidi hamsini. Mwanzo wakayalaumu matango ya Hispania, wakulima wa watu wakatupa mazao. Mimi na wenzangu tukaacha saladi kabisa, sokoni matango yanagawiwa karibu bure na hakuna anayeyagusa. Mwisho wa yote ikaja kujulikana ni mbegu zilizooteshwa, na mbegu zenyewe ni za uwatu, zikafuatiliwa mpaka Misri.

#28 Mama Salma Tanga
Uwatu huu huu tunaowapikia wazazi waliojifungua?

#29 Mswahili wa Hamburg
Huohuo mama. Ila wewe unaupika. Kule walikuwa wanaziotesha mbegu, wanakula vichipukizi vibichi. Kuotesha kunataka joto na unyevu kwa siku kadhaa, na bakteria naye anataka hayohayo. Kichekesho ni kwamba ukitafuta sifa za uwatu utaambiwa unaua bakteria. Dondoo lake kwenye maabara sawa, mbegu yenyewe ikabeba maradhi ya bara zima.

#30 MpembaAsilia
Uwatu si karafuu. Tusichanganye habari.

#31 Ntahe wa Bujumbura
Amahoro ndugu zangu. Huku Burundi kuna wakulima wanaohifadhi nyanya kwenye majivu. Unachekecha majivu mpaka yawe laini, yawe makavu na yamepoa kabisa, unatandaza chini ya boksi, unapanga nyanya nzima zisizo na jeraha, kikonyo kikiangalia chini, unafunika tena na majivu. Zinakaa miezi. Ngozi inakunjamana kidogo lakini ndani ni nyanya. Je, majivu nayo ni dawa ya asili?

#32 Bwana Shamba Moro
Ntahe, hiyo nimewahi kuiona kwa jirani aliyehamia Morogoro kutoka Kigoma. Majivu yananyonya unyevu, na ukungu bila unyevu hauna maisha. Pia ni makali upande wa alkali. Na nyanya moja ikioza haigusani na mwenzake. Wewe utasema ni dawa, mimi nasema ni ukavu na utengano. Huenda wote tuna sehemu yetu.

Ukitaka ya asili iliyofanyiwa kazi hasa hapa kwetu, SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walikuwa kwenye mradi wa heksanali pamoja na Chuo Kikuu cha Guelph cha Canada, Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzao wa India na Sri Lanka. Heksanali ni kitu ambacho mimea inakitoa yenyewe ikijeruhiwa, ile harufu ya majani yaliyofyekwa imo. Wanapulizia embe kabla ya kuvunwa au wanalichovya baada ya kuvunwa. Inazuia kimeng'enya kinachobomoa utando wa seli za tunda, kwa hiyo tunda linazeeka taratibu. Shabaha yake ya kwanza ni tunda lenyewe, kijidudu kinakosa mlango.

Na kwa yale madoa meusi ya embe, yale ya ukungu, maji ya moto ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika tano mpaka kumi yanafanya kazi ambayo karafuu haitaifanya. Lakini upime kwa kipimajoto, usikadirie kwa kidole.

#33 Mla Majani
Kwa hiyo mwisho wa siku sayansi inarudi kwenye maji ya moto. Bibi zetu walijua.

#34 MezaYaPili
Moto wa jiko. Nilisema.

#35 Daktari Mstaafu
Msishangilie mapema. Binti alipima kwa utelezi na harufu. Vinavyoleta utelezi na uchachu ni vijidudu vya kuozesha. Vinavyokulaza hospitali mara nyingi havitoi harufu, haviachi utelezi, havibadili rangi. Kipande cha tikiti kinaweza kuwa kinameremeta na kina Salmonela. Mwaka 2011 huohuo, Marekani, tikiti tamu kutoka Colorado zilikuwa na Listeria, zikaua watu 33. Hakuna aliyelionja akasema limeharibika.

Kwa hiyo hata tukikubali kwamba karafuu inachelewesha utelezi, hatujajua chochote kuhusu ugonjwa. Na mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu ule utelezi ulikuwa unamwambia mteja asile. Ukiuondoa na vile vingine vikabaki, umezima kengele.

#36 BintiMatunda
Daktari umenikosesha usingizi. Mimi nilidhani likikaa vizuri ndiyo salama.

#37 Mzee wa Pipeti
Hapo kwa daktari sina nyongeza, ila tarakimu. Dawa nyingi za kuoshea, za asili na zisizo za asili, zikifanya vizuri kwenye mboga zinapunguza bakteria kwa asilimia 90 hadi 99. Tangazo litakwambia 99 kwa herufi kubwa. Kipande kikiwa na milioni moja, 99 ikiondoka umebaki na elfu kumi. Kipindupindu kwa mtu mzima mwenye tumbo zima kwa kawaida kinataka wengi sana. Shigela, wale wa kuhara damu, wanatosha hata mia, au pungufu.

#38 Nesi wa Zamu ya Usiku
Na ndiyo maana mimi nakimbilia kwenye kisu. Binti, ganda la tikiti unaliosha kabla ya kukata? Wengi hawaoshi kwa sababu ganda haliliwi. Kisu kinapita kwenye ganda, kinabeba cha kwenye ganda, kinakipaka kwenye nyama mpaka katikati. Tikiti limelala chini ya lori, limelala chini sokoni. Sugua kwa brashi na maji yanayotiririka, bila sabuni, sabuni inaweza kubaki kwenye tunda. Halafu ubao, halafu kile kitambaa cha kufutia. Kitambaa ndicho simwamini kabisa.

#39 BintiMatunda
Tikiti huwa nafuta tu kwa kitambaa. Nimeelewa ujumbe.

#40 Kapuku wa Buza
Mimi ni mteja wa matunda ya Posta kwa miaka. Naombeni mnipe pole.

#41 Kasri la Mombasa
Pole, na karibu kwenye ndizi zako.

Mnaosema karafuu ni bure mbona achari hamuisemi? Achari ya embe inakaa bila friji, ina karafuu, ina pilipili, ina bizari.

#42 Mzee wa Pipeti
Ina chumvi nyingi na siki nyingi pia mkuu. Toa hizo mbili, acha karafuu peke yake, uone itakaa siku ngapi.

#43 MpembaAsilia
Mtu anataka kuitoa karafuu kila mahali. Kwani imekukosea nini?

Nipendekeze hivi. Binti achukue papai moja, aligawe. Sehemu moja maji ya kuchemsha matupu, nyingine maji ya kuchemsha na karafuu, yote yapozwe usiku pamoja, deli moja, siku moja. Kama ya karafuu yatakawia kuteleza, MezaYaPili anunue kilo ya karafuu kwangu.

#44 MezaYaPili
Nakubali. Yakilingana, MpembaAsilia atatuma kilo bure.

#45 Daktari Mstaafu
Mtapima utelezi tena. Nimesema nini namba 35?

#46 MezaYaPili
Daktari, dau ni la karafuu, si la afya 😂

#47 Mama Salma Tanga
Mimi nilitaka kuuliza, siki ya nazi na ile nyeupe ya dukani ipi kali zaidi?

#48 Mzee wa Pipeti
Mama Salma, soma chupa. Nyeupe ya dukani kwa kawaida ni asidi ya asilimia 5 hivi. Ya nazi ya kutengeneza nyumbani inategemea aliyeitengeneza, huwezi kujua mpaka uipime. Na usiongeze maji mara kumi kisha ukategemea miujiza.

#49 Ntahe wa Bujumbura
Na makonyo yanapatikana Bujumbura? Au nimuulize nani, MpembaAsilia?

#50 MpembaAsilia
Njoo faragha, ndugu. Huku kuna watu hawathamini.